Raia Tangu Kuzaliwa

Je, hukumu ya mwanadamu huiumba haki, au huidhihirisha tu haki iliyokuwapo kabla yake? Suali hili, ambalo aghalabu huachiwa wanafalsafa, limewafikia watu wa Argentina, Brazili na Marekani wenye asili ya Italia, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanya vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya mauti ya wazee wao, na kuvipeleka mbele ya mahakimu wa nchi waliyohama mababu zao, ili wakiriwe kuwa raia.

Chimbuko la nyingi katika kesi hizo ni dhulma. Sheria ya mwaka 1912 ilimpa uraia mtoto wa baba Mtaliano popote alipozaliwa, ilhali mama, ila kwa nadra, hakuwa na uraia wa kumrithisha mwanawe, na akiolewa na mgeni ambaye sheria ya kwao ilimfanya mkewe raia, alipoteza hata ule aliozaliwa nao. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948 ilitangaza usawa, na Mahakama ya Katiba, mwaka 1983, ikaibatilisha tofauti ile. Lakini maofisa wakashikilia kwamba nafuu hiyo haiwafikii waliozaliwa na mama Mtaliano kabla ya 1948, hata wazao wao wakalazimika kudai mahakamani, ambako mwaka 2009 mahakama ya juu kabisa ya rufaa ilinena kwamba uraia ni hali ya kudumu, isiyofutwa na kupita kwa muda. Kwa hiyo hakimu hampi mdai uraia; hutamka kwamba alikuwa nao tangu kuzaliwa.

Amma tarehe 28 Machi 2025 serikali ilitoa amri, iliyothibitishwa na Bunge mwezi Mei kuwa Sheria Na. 74, kwamba aliyezaliwa ng'ambo mwenye uraia mwingine ahesabiwe kuwa hakupata kamwe uraia wa Italia, isipokuwa, kwa mfano, awe na mzazi, babu au bibi aliyekuwa Mtaliano peke yake, au awe amewasilisha madai yake kabla ya siku ile. Basi tuwawaze ndugu wawili wa tumbo moja, vitukuu vya mhamiaji: aliyedai tarehe 27 ni raia tangu kuzaliwa, na aliyedai tarehe 28 hakuwa raia hata saa moja. Nasaba ni moja na vyeti ni vile vile, bali wamegawiwa zamani mbili.

Hoja ya serikali si tupu. Mtoto wa wageni aliyezaliwa Italia yampasa akae humo bila kukatiza mpaka atimize miaka 18 ndipo aombe uraia, na ni vigumu kueleza kwa nini kitukuu asiyeijua nchi atangulizwe mbele yake.

Lakini wanatheolojia wa Italia yenyewe walikwisha kulijadili jambo hili la kuyatangua yaliyopita kwa upande wa Mwenyezi Mungu. Petro Damiani wa Ravenna, katika karne ya 11, aliuliza kama Mungu aweza kuifanya Roma isiwe imepata kuwako. Na Tomaso wa Akwino, karne mbili baadaye, alijibu kwamba kuyatangua yaliyopita ni mgongano wa maana, wala hakuingii katika uweza. Mtunga sheria na aseme kwamba kuanzia leo mlango umefungwa. Hayo ni mamlaka yake. Akisema hapakuwa na mlango, ameacha kutunga sheria na ameingia kutoa ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa ukweli, si kwa cheo cha shahidi.