Kofia na Chepeo Katika Kashojwa

Mtu akikaa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, Uganda, siku ya Ijumaa na Jumapili inayofuata, akatazama milango ya nyumba za ibada wala asitazame jingine, ataona kwamba wanaume waendao msikitini, wakaribiapo kizingiti, hutafuta kofia mfukoni na kuivaa, ilhali waendao kanisani, wafikapo kizingiti chao, huvua chepeo na kuibana kwapani. Na wote hao, aliyefunika kichwa na aliyekifunua, wanakiri jambo lile lile, kuwa wao ni waja na mwenye enzi ni Mola wao.

Waingereza hutenga kofia yenye ukingo pande zote na ile isiyo na ukingo, au yenye kipande cha mbele tu, kila moja na jina lake. Na wazee wetu wa pwani nao walipata kusema kofia na kusema chepeo, neno walilolipokea kwa Mreno, wala hawakuvichanganya viwili hivyo. Kofia ni ile bulibuli iliyodariziwa kwa mkono, inayokaa kichwani nyumbani na njiani na katika Sala. Chepeo ni kivuli cha kutembea nacho, kazi yake huisha chini ya paa. Siri yote imo katika ule ukingo, kwa sababu mwenye chepeo akisujudu, ukingo hutangulia chini kabla ya paji la uso, na paji la uso ndilo linalotakiwa ardhini. Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki alipowavika maofisa wake tarbushi mwaka 1829, kofia isiyo na ukingo, haikuwa bila faida kwa watu wenye kusali. Na Mustafa Kemal, rais wa Uturuki, alipoipiga marufuku mwaka 1925, akawalazimisha wanaume wavae chepeo ya Kizungu, watu hawakukosea walipofahamu kwamba hakukusudia kubadili mavazi peke yake.

Lakini fatwa ninayoipenda zaidi katika habari hizi ilitokea mapema kuliko hapo, mwaka 1903, pale Waislamu wa Transvaal, huko Afrika ya Kusini, walipomwuliza Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, kama ni halali kwao kuvaa chepeo za watu waliokaa nao. Kuna waliotaraji akemee. Yeye alijibu kwamba vazi hilo halimtoi mtu katika dini madhali hakunuia kuiacha, na kwamba avaaye kwa haja, kama vile kujikinga na jua, hana lawama. Ulamaa wengi wa zama zake walimshambulia kwa jibu hilo. Mimi naona alilitazama jua kwanza, akaitazama nia, ndipo akaitazama kofia, na mpango huo ni wa mtu mwenye akili timamu.

Na jua la Isingiro halina mzaha. Katika makazi haya ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia kwao, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, mkulima wa mahindi na maharagwe hana budi kujifunika, awe wa dini yoyote, na mitumba iletwayo kutoka Mbarara humpa chepeo na kapelo katika fungu moja. Vijana wa msikitini wameshapata dawa ya kapelo: huigeuza, kipande cha mbele kikawa kisogoni, wakasujudu salama. Wazee hununa kidogo, kisha husali.

Wanawake hawamo katika shauri hili, kwani wao hufunika huku na huku. Mama wa Kikongo hufunga kitambaa cha kikwembe kilekile alichojivika kiunoni, mama wa Kisomali hujitanda mtandio, na waraka wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, uliowaambia wanaume wasali vichwa wazi, ndio huohuo uliowaambia wanawake wajifunike. Kwa hiyo mgogoro hubaki kwa wanaume, na huonekana zaidi mahali pasipo na ibada kabisa, yaani barazani na ofisini, ambako kijana aliyefundishwa katika shule za misheni huona mzee aliyekaa na kofia hana adabu, na mzee yule naye, aliyefundishwa chuoni kwamba kichwa kitupu mbele ya watu ni upungufu wa staha, huona kijana ndiye asiyefunzwa. Kila mmoja anadai taadhima, na kila mmoja ameitoa tayari, ila mwenziwe hakuipokea. Wenye nguvu hawaulizwi: kofia ya ngozi ya chui ya Rais Mobutu wa Zaire, ambayo wazee wa Kikongo hapa wanaikumbuka vizuri mno, ilikuwa ya kutazamwa, na chepeo pana ya Rais Museveni huingia mikutanoni pamoja na mwenyewe.

Namjua mzee mmoja, mkulima, ambaye huvaa vyote viwili, bulibuli ndani na chepeo juu yake. Akiitwa barazani huivua chepeo mlangoni kwa unyenyekevu mkubwa, akaiweka gotini, akabaki na bulibuli yake. Karani humtazama, akakosa la kusema, na mzee akaanza habari ya mpaka wa shamba lake, ambao jirani ameusogeza tangu mvua zilipoanza.