Gari la Zamani, Kutu na Haki ya Fundi

Somo: Mathayo 6:19–21, Yakobo 5:1–4



Ndugu mmoja wa Wote ameniletea swali. Marehemu baba yake aliacha Peugeot 504, ile ndefu ya viti safu tatu. Ndugu zake wanataka iuzwe, hata kama ni kwa bei ya chuma chakavu, kila mtu apate chake. Mama yao anasema isiguswe. Yeye analipenda gari hilo na kila mwezi halikosi kwenda gereji. Ameniuliza, "Pasta, ni dhambi kupenda kitu ambacho mwisho wake ni kuoza tu?"

Vijana, huenda hamlijui gari hili. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968. Lilishinda Safari Rally mwaka wa 1975, na tena 1978. Kabla ya Nissan za matatu kujaa barabarani, wazee wetu walisafiri ndani ya Peugeot kama hizo. Kwa hivyo mama anaposema isiguswe, haoni chuma pale. Anamwona mume wake.

Lakini kutu haijali kumbukumbu. Wale wenye watoto Marekani, sehemu kama Minnesota, waulizeni. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo ikichanganyika na maji hurukia chini ya gari, ikajificha kwenye maungio ya chuma na kuharakisha kutu. Ndiyo maana mwenye gari la zamani huko hulifungia ndani hadi theluji iishe na mvua ioshe barabara.

Sisi huku Ukambani hatuna theluji, na hewa yetu kavu ni rafiki wa chuma. Lakini chumvi tunayo! Visima vingi vya kuchimbwa Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Ukiosha gari kwa maji hayo na kuliacha likauke, chumvi inabaki pale chini. Juu rangi inang'aa, na chini sakafu inatoboka polepole.

Sasa, Yesu aliposema habari za nondo na kutu, kuna watu walioelewa kwamba tusitunze chochote. Hapana. Mtu huyo huyo mabati yake yakishika kutu anatafuta rangi. Na hata mwili utarudi mavumbini, lakini mama akiugua tunampeleka hospitali, hatusemi ati atakufa tu siku moja. Kila tunachokipenda hapa duniani kitaisha. Basi kuisha kwake hakuwezi kuwa sababu ya kutokitunza.

Nilisomea biashara. Tulifundishwa kuandika uchakavu wa mali kila mwaka, na tukaonywa kwamba pesa uliyokwisha tumia jana isikuamulie utakachofanya kesho. Ni mafundisho mazuri. Yanaweza kumwambia ndugu yetu kama gari linamtia hasara, lakini hayawezi kumwambia kama anatenda haki.

Hapo tumsikilize Yakobo. Anawaambia matajiri kwamba dhahabu na fedha zao zimeingia kutu, na kutu hiyo itatoa ushahidi juu yao. Lakini dhahabu haishiki kutu! Yakobo alikuwa anamaanisha nini? Soma mstari wa nne. Anataja vibarua waliovuna mashamba na ujira wao ukazuiliwa. Mali ile ilikuwa imekaa ndani, na sehemu yake ni jasho la mtu mwingine.

Basi swali la kuuliza ni hili: nani analipia upendo wako? Kama fundi alichomelea sakafu ya gari na tangu Machi anaambiwa "kuja kesho", gari linang'aa kwa njaa ya watoto wake. Kama mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo na wewe umenunua taa mpya za mbele, hiyo ni kutu, hata kama chuma ni safi. Lakini kama fundi amelipwa, karo imelipwa, na usiku jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa gari linawaka na kumpeleka hospitali, mtu asikuhukumu. Litunze kwa furaha.

Na kuna jambo gumu zaidi, ndugu yangu. Kulipenda gari hakulifanyi kuwa lako peke yako. Ndugu zako nao ni watoto wa mzee. Kaeni chini na mama, mliitie mtu anayejua bei, na wewe ulipe fungu lao kwa maandishi. Kama huwezi, na wao hawajakuachia kwa hiari, basi liuzwe. Itauma, na mama atalia. Lakini baba hawezi kuheshimiwa kwa kitu kinachowatenganisha watoto wake.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:
1. Ni kitu gani nyumbani kwangu kinang'aa kwa jasho la mtu ambaye sijamlipa?
2. Nimefungia nini ndani ambacho kingemsaidia jirani?
3. Ni mali gani ya familia tunayoogopa kuizungumzia?

Mwenye deni la fundi, alipe kabla ya Jumapili. Mungu awabariki.

Pasta Msaidizi