Mgeni wa Siku ya Tatu

Wazee wetu walitufundisha ya kwamba mgeni ni wa siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Methali hii tuliisikia tungali watoto, nasi tuliifundisha miaka mingi, kwanza katika shule ya msingi, kisha katika chuo cha ualimu. Lakini tukisema kweli, kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kujiuliza maswali mawili yaliyomo ndani yake. La kwanza: katika zile siku mbili, chakula cha mgeni hutoka katika sahani ya nani? La pili: ni nani mwenye kazi ya kuhesabu siku?

Mwezi huu twapenda kuyafikiri maswali hayo pamoja nanyi. Mfano tutakaoutumia watoka mbali, katika jiji la Philadelphia nchini Marekani. Tumeuchagua kwa sababu shauri lenyewe lilichukua kama miaka 20 na lina mwanzo na mwisho unaoonekana. Tena twaweza kulipima kwa utulivu bila kumsema jirani. Jina la jiji hilo si geni kwa wasomaji wa kitabu cha Ufunuo. William Penn, aliyelianzisha mwaka 1682, alilipa jina la Kiyunani lenye maana ya upendo wa ndugu.

Mwaka 1950 Philadelphia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Baadaye viwanda vilifungwa, wenye uwezo wakahamia nje ya jiji, na hesabu ya mwaka 2000 ikakuta wamebaki kama milioni 1.5. Nyumba nyingi zilisimama tupu, na viwanja vikaota majani. Kujenga kulikuwa ghali, na jengo likiisha halikupata bei ya kurudisha gharama. Ndipo Baraza la Jiji lilipotafuta njia ya kuwavuta wajenzi. Mwaka 1997 lilitoa msamaha wa kodi kwa waliogeuza majengo ya zamani ya viwanda na biashara kuwa makazi. Mwaka 2000 msamaha ukapanuliwa hata kwa majengo mapya. Sharti lilikuwa hili: kwa miaka 10 mwenye jengo atalipa kodi ya ardhi peke yake, na thamani ya jengo alilolisimamisha haitahesabiwa.

Tupige hesabu kidogo, maana mwalimu hastaafu kabisa. Chukueni nyumba mpya yenye thamani ya dola 400,000, ardhi ikiwa ni 80,000 na jengo 320,000. Mwaka 2019 kodi ilikuwa karibu dola 1.40 kwa kila dola 100 za thamani. Basi mwenye nyumba hiyo alilipa dola 1,120 kwa mwaka, akasamehewa 4,480. Kwa miaka 10 alisamehewa 44,800. Ng'ambo ya barabara yupo mjane katika nyumba kuukuu ya dola 150,000. Mwaka huo aliyekaa katika nyumba yake mwenyewe aliweza kupunguziwa dola 40,000 katika thamani. Hata baada ya punguzo hilo, mjane alilipa dola 1,540. Mwenye nyumba kuukuu alilipa zaidi kuliko mwenye nyumba mpya inayomzidi thamani mara mbili na zaidi.

Na fedha hizo zilikuwa za nani? Katika jiji hilo, kila dola 100 za kodi ya majengo zilizokusanywa, kama 55 zilikwenda katika shule za watoto. Shule zenyewe hazina mamlaka ya kutoza kodi. Hungoja kile ambacho Baraza la Jiji na serikali ya jimbo vitawapa. Mwaka 2013 shule zaidi ya 20 zilifungwa katika jiji hilo, na watumishi wa shule zaidi ya 3,700 walipewa barua za kuachishwa kazi. Haitakuwa haki kusema kwamba msamaha wa wajenzi ndio uliozifunga. Sababu zilikuwa nyingi: wanafunzi walikuwa wamepungua, na msaada wa serikali ya jimbo ulikuwa umekatwa. Lakini mzazi aliyemshika mtoto mkono kumpeleka shule ya mbali, huku akipita chini ya maghorofa mapya yasiyolipiwa kodi, twaweza kumlaumu kwa kuuliza?

Sasa tuwasikilize na wenzao, maana kesi ya upande mmoja haina hukumu. Watetezi wa msamaha walisema: Hamwezi kupoteza kodi ya jengo ambalo lisingejengwa. Mahali palipokuwa kichaka sasa pana nyumba. Mafundi wamepata kazi, wapangaji wamekuja na mishahara inayotozwa kodi ya jiji, na miaka 10 ikiisha jengo litalipa kodi kamili. Na kweli, hesabu ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba watu wameongezeka, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu mwaka 1950. Haya si maneno ya kupuuzwa. Wahenga wenyewe walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapa tulikumbuka jambo lililotupata sisi wenyewe zamani, tulipokuwa tukifundisha chuoni. Chuo kilikuwa na shamba la mahindi, na kila mwanafunzi alipewa matuta yake ya kulima. Mwaka mmoja timu ya mpira iliingia katika mashindano, uongozi ukaamua kwamba wachezaji wasiende shambani, ili wapate nafasi ya mazoezi. Matuta yao yakagawiwa wengine. Timu ilifanya vizuri, na chuo kizima kikashangilia. Mashindano yalikwisha kwa mwezi mmoja, lakini msamaha ukaendelea, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuwekea mwisho. Wachezaji walizoea kulala mchana.

Siku moja mwanafunzi wa kike, mtaratibu sana, alituuliza shambani: "Mwalimu, matuta haya mawili si yangu. Niliulizwa lini kama nitayalima?" Tukamjibu kwamba heshima ya timu ni heshima ya chuo chote. Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Basi na jembe lingekuwa la chuo chote." Akainama, akaendelea kulima. Sisi tuliokuwa zamu hatukupeleka neno lile kwa wakubwa. Tulinyamaza mpaka mavuno, kwa kuogopa kuonekana wachochezi. Ni miaka mingi sasa, na bado hutujia akilini.

Binti yule hakupinga timu kupumzishwa. Tunaamini angekubali kwa moyo mweupe kama angeulizwa, na kama angeambiwa ni mpaka tarehe fulani. Kilichomchoma ni kuona wengine wakisifiwa kwa ukarimu, na ukarimu wenyewe ukitoka katika mgongo wake.

Huenda msomaji akatukumbusha mwenye shamba la mizabibu, aliyewalipa walioingia kazini jioni sawasawa na waliotoka jasho tangu alfajiri. Je, naye hakuwapendelea waliochelewa? Tumelifikiri sana neno hilo. Jibu letu ni kwamba mwenye shamba alitoa katika mfuko wake. Waliotangulia hawakupunguziwa hata senti katika ujira waliopatana. Lakini baraza la mji, kamati ya shule, hata sisi wazee tunaoketi katika vikao, hatuna mfuko wetu. Tunashika mfuko wa wengine. Anayetoa chake ni mkarimu. Anayetoa cha watu aliowekwa kuwasimamia anatoa matumizi, naye yampasa kuwa tayari kuulizwa: yametolewa kwa sababu gani, kwa muda gani, na nani atakula kidogo kwa ajili hiyo?

Tukirudi Philadelphia, kosa tunaloliona si lile la kumkaribisha mgeni. Mwaka 2000 jiji lilikuwa na haja, na mwenye njaa haoni haya kubembeleza. Kosa ni la hesabu ya siku. Sheria ilihesabu siku za kila nyumba, miaka 10 kamili, lakini haikuhesabu siku zake yenyewe. Mitaa ya katikati ya jiji ilipata kupendwa tena, viwanja vikagombaniwa, na bado aliyejenga huko alipata msamaha uleule aliopewa yule wa kwanza aliyethubutu kujenga penye magofu. Mgeni aliyebembelezwa kuingia sasa alikuwa akisukumana mlangoni, naye bado akaandaliwa kitanda na kuku.

Watu walipopiga kelele, wajenzi walionya kwamba msamaha ukiondolewa ujenzi utasimama. Wako waliotaka sehemu ya shule isiguswe kabisa na msamaha wowote. Baada ya mabishano ya muda mrefu, mwezi wa Desemba 2019 Baraza la Jiji lilipitisha njia ya kati kwa nyumba mpya za kuishi. Mwaka wa kwanza jengo lingesamehewa kodi yote, wa pili sehemu 90 katika 100, wa tatu 80, vivyo hivyo hata mwaka wa 10 zingebaki sehemu 10 tu. Nyumba za zamani zinazokarabatiwa ziliachiwa msamaha wao. Sheria ilikuwa ianze mwishoni mwa 2020, lakini kwa sababu ya ugonjwa wa Korona ikasogezwa mpaka mwisho wa 2021, na wajenzi wengi wakakimbilia vibali kabla mlango haujafungwa.

Katika mfano wetu wa nyumba ya dola 400,000, msamaha wa miaka 10 ungeshuka kutoka dola 44,800 hadi 24,640. Zaidi ya dola 20,000 zingerudi katika mfuko wa wote, na zaidi ya nusu yake ingekwenda darasani. Hili si jembe zima, lakini ni jembe: mgeni hupewa kipini kwanza, kisha mwaka kwa mwaka huongezewa uzito. Sisi twaona kwamba njia hiyo ilikuwa na busara, ingawa ilichelewa. Watoto waliosoma miaka ile katika madarasa yenye upungufu hawatarudi kuwa na umri wa miaka saba.

Wapenzi wasomaji, wengi wetu hatutaketi kamwe katika baraza la jiji. Lakini vikao tunavyo: vya shule, vya maji, vya ukoo, vya kanisa. Humo nasi huwasamehe watu. Mwenye duka kubwa asitoe mchango wa kisima, kwa kuwa hutusaidia sana. Mwenye gari asishike zamu ya usafi, kwa kuwa ana shughuli nyingi. Pengine ni sawa. Lakini kabla ya kuinua mkono, tutazame ng'ambo ya barabara, tumwone yule ambaye ndoo yake itaongezewa maji hayo, nasi tumwulize. Kisha katibu aandike tarehe ya mwisho, kwa wino.

Kwa upande wetu, tungefurahi kama tungeliweza kumwandikia yule binti, ambaye sasa huenda ni bibi mwenye wajukuu, tumwambie kwamba swali lake lilikuwa sahihi, na kwamba siku ile ilitupasa kuvua viatu na kushika jembe.