Usiuze Kombeo Lako

Ndugu zangu wapiga picha wa Simiyu: ninyi wa Binza na ninyi wa Bariadi mjini. Wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Ninyi mnaofunga stendi nyuma ya pikipiki alfajiri ya Jumamosi kuwahi harusi, na ninyi mnaokaa chini ya mwamvuli mkimngoja mtu wa picha za pasipoti. Pamba imeuzwa. Wengine wenu mna fedha mfukoni, na kamera kubwa mmeshaiota mara tatu. Nunueni! Sikuja kumzuia mtu. Nimekuja na neno moja tu, juu ya ile ndogo mnayotaka kuiuza ili kujazia pengo.

Kumbukeni pamoja nami kisa anachokijua kila mtoto aliyechunga ng'ombe katika nchi hii. Daudi yuko bondeni, na Goliathi anatukana ng'ambo. Mfalme Sauli anamwonea huruma kijana, anamvika mavazi yake mwenyewe ya vita: kofia ya shaba, dirii, upanga kiunoni. Daudi anajaribu kutembea, hatembei. Anavua vyote. Anarudia fimbo yake, mkoba wake wa kuchungia, kombeo lake na mawe matano aliyoyaokota kijitoni. Mwisho wa siku ile mnaujua.

Wahubiri wengi hukomea hapo, wakashangiliwa, wakaketi. Mimi nawaomba msogee mbele kurasa chache. Daudi sasa anamkimbia Sauli, hana silaha yoyote. Anafika Nobu kwa kuhani Ahimeleki. Upanga uliopo ni mmoja, ule wa Goliathi, umehifadhiwa umefungwa kwa nguo. Je, Daudi anaukataa kwa kuwa ni mzito? Anauchukua, tena kwa sifa! Mtu yule yule aliyevua dirii ya Sauli. Kwa hiyo asije mtu akasema mhubiri huyu ana ugomvi na chuma kizito. Siku ya upanga ipo. Ninachowauliza ni hiki: mmesoma wapi kwamba Daudi aliuza kombeo ili apate upanga?

Neno la kwanza ni uzito. Mkulima wa Simiyu hafundishwi kushuku mizani, basi leo tuitumie mizani kwa haki. Canon 5D Mark IV, ambayo wengi wenu mnaililia, ikiwa na betri na kadi ina gramu 890. Ipachike lenzi ya 24-70 yenye f/2.8, gramu 805. Umeshabeba karibu kilo 1.7, na flashi bado iko kwenye begi. Sasa ileteni ile ndogo, Canon 100D iliyotoka mwaka 2013, ambayo tayari mmemtajia mtu bei. Gramu 407 pamoja na betri na kadi. Lenzi yake ya milimita 50, f/1.8, gramu 160. Jumla ni gramu 567. Theluthi moja!

Utaniambia gramu ni gramu, wewe una nguvu. Ndugu yangu, wewe ni mjukuu wa wapagazi. Katika karne ya 19, Wasukuma na Wanyamwezi ndio waliozipeleka pembe pwani na kurudi na vitambaa, mtu mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30. Hata picha zilisafiri nchini humu kwa mabega ya watu: mwanzoni mwa karne iliyofuata, Mjerumani Carl Georg Schillings alipozunguka nyika za Umasai akipiga picha za wanyama usiku kwa mwako wa unga, mitambo yake na mabamba yake ya vioo vilikwenda kwa wapagazi. Na mpagazi alijua jambo ambalo muuza kamera hakwambii. Mzigo haupimwi unapoinuliwa, hupimwa unapotuliwa. Saa ya kwanza ya harusi kila kamera ni nyepesi. Ngoja umesimama tangu kanisani, umekimbia mbele ya msafara wa magari, umepanda juu ya kiti mara ishirini ukumbini. Halafu, usiku wa manane, bibi harusi anaangukia bega la mama yake bila kutangaziwa na MC. Ndipo mkono unapokataa kupanda. Picha ya usiku ule ilikuwa ile, nawe ulikuwa unanyoosha shingo.

Neno la pili ni viti. Hapa nikiri mbele yenu, maana mhubiri asiyekiri ni mpiga debe tu. Mimi niliuza yangu. Nilipata kubwa, nikaona ndogo ni aibu, nikaitoa kwa bei ya kutupa. Msimu uliofuata nikapita kwenye mji wa mama mmoja, mayu ninayemfahamu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wajukuu, wanachambua pamba, safi upande huu, fifi upande ule, jua la jioni linapita katikati ya nyuzi, na vumbi la pamba limesimama hewani. Zamani ningechuchumaa tu, nikapiga mbili tatu, na mazungumzo yangeendelea. Siku ile nikaitoa kubwa kwenye begi, na lenzi yake kama kinu. Mayu akanyanyuka. Akaita viti. Watoto wakanawishwa uso, wakabadilishwa mashati. Wakajipanga mstari mmoja, mikono magotini, mtu hacheki. Nikapata picha kumi na mbili za watu wanaonisubiri nimalize, na pamba imebaki peke yake mkekani.

Kamera kubwa huleta viti! Sikiza vizuri: si kosa lake. Kuna siku viti vinatakiwa, siku ya kipaimara, ya mahafali, ya picha ya ukoo mzima kabla babu hajalala. Siku hizo heshima ya chombo huwaheshimu waliokaa mbele yake. Lakini maisha mengi ya watu wetu hupita mkekani. Ukiwa na kamera ya viti peke yake, miaka hamsini ijayo wajukuu watadhani Wasukuma walikuwa watu waliokaa wakiwa wameshika magoti.

Nenda uwanjani baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindania watazamaji. Huyu anatoka na nyoka, yule anafanya vituko ili umati uhame upande. Umati unahama kweli, mzima mzima, na wewe ndani yake. Pale hakuna nafasi ya stendi wala ya kumwambia mchezaji arudie. Unataka kitu unachoweza kukipandisha kwa mkono mmoja juu ya vichwa vya watu, ukakishusha kabla mtu hajakisukuma. Hilo ndilo kombeo.

Neno la tatu ni ngao. Mitambo huharibika, na huharibika mbele za watu. Vumbi la barabara zetu huingia, kitufe kinagoma, kamera inaanguka kwenye ngazi za ukumbi. Ukiwa na moja, kazi imekufa hapo hapo. Utarudisha fedha, na jina lako litazunguka kutoka Binza hadi Lamadi kabla ya Jumatatu. Mkulima hupanda tena, mvua ikimkosa. Ndoa haipandwi tena. Ile ya gramu 567 ndani ya begi haikupunguzii mwendo, na usiku wa balaa ndiyo itakayosimama mahali pa ndugu yake.

Na inasimama vizuri! Picha ya 100D ina nukta 5184 kwa 3456. Ukichapisha nukta 300 kwa kila inchi, unapata inchi 17 kwa 11 na ushee. Niambie ni sebule gani Bariadi imeagiza kubwa kuliko hiyo mwaka huu. Tena lenzi za kamera kubwa huingia kwenye ndogo. Ile ya milimita 200 ikikaa kwenye 100D, huona kama ya milimita 320, maana kihisi chake ni kidogo kwa mara 1.6, ndege aliye ng'ambo ya bwawa anakusogelea bila wewe kununua lenzi nyingine. Ila jueni na mipaka. Lenzi zilizotengenezwa kwa kamera ndogo hazikai kwenye 5D, na betri zao hazibadilishani, basi kila moja ibebe ya kwake. Kadi ya SD hutumika kote kuwili.

Nasikia sauti nyuma. Mmoja anasema, mhubiri, mteja anatazama ukubwa, akiona kidude hatoi laki. Kweli kabisa, wala sikudanganyi. Ukumbini ingia na kubwa. Kwenye mwanga hafifu wa taa za rangi ndipo inapolipa gharama zake. Mwingine anasema, ndogo kazi yake sasa inafanywa na simu. Simu hiyo hiyo inayoita katikati ya viapo? Simu ambayo kihisi chake ni kijipande tu mbele ya kile cha 100D, chenye milimita 22 kwa 15? Simu ni rafiki mzuri, lakini hata yeye atakwambia taa zikizimwa anaanza kubahatisha. Mwingine anasema fedha haitoshi bila kuiuza. Kwako nasema ngoja msimu mmoja. Kamera ya zamani haikupi hata nusu ya ulichoitolea, na siku ukiitaka tena utauziwa ya mtu mwingine, usiyojua ilianguka mara ngapi.

Lakini sasa geuka, maana nina neno kwa upande wa pili, na ni kali zaidi. Kuna wewe uliyekubali mahubiri haya tangu mwanzo, unaitikia kwa kichwa, na kamera yako ndogo iko kabatini tangu mwaka juzi. Betri imekufa. Kuvu inatambaa kwenye kioo. Unasema umeitunza. Hujaitunza, umeizika! Unakijua kisa cha mtumishi aliyepewa talanta moja akaifukia ardhini akidhani ni busara, na unajua bwana wake alimwambiaje aliporudi. Kombeo lililotundikwa ukutani halina tofauti na kombeo lililouzwa, isipokuwa lililouzwa angalau lipo mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo kama mwezi mzima umepita hujaigusa, itoe. Usiiuze, itoe kwa kijana. Kuna mvulana au binti hapo mtaani kwenu anayekushikia taa kila Jumamosi kwa nauli na soda. Mpiga picha wa habari Mohamed Amin alikulia Dar es Salaam, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Brownie ya mtumba, kisanduku cha aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1900 kwa dola moja. Baadaye alibeba mitambo mizito ya televisheni, na mwezi Oktoba 1984 picha alizozipiga Korem, Ethiopia, ziliiamsha dunia juu ya njaa. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimchukua mkono wa kushoto, naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Hakuna aliyemwanzisha kwa mtambo wa televisheni. Jicho lile lilifundwa na kisanduku chepesi ambacho mtu mwingine alikuwa amekimaliza. Unajuaje ni jicho la nani linaloingoja 100D yako?

Basi ndugu zangu, baba na mayu, vijana wa stendi na wazee wa studio, sisubiri mje mbele wala sipitishi kikapu. Nataka jambo dogo leo hii. Ukifika nyumbani, fungua kabati. Futa vumbi, chaji betri, pachika ile lenzi ya milimita 50, uivae shingoni. Halafu nenda sokoni kununua dagaa kama ulivyokuwa unakwenda, rudi kwa njia ndefu, upite kwenye ule mji ambako watu wako mkekani. Wasalimie, chuchumaa, waache waendelee na pamba yao. Upanga uache nyumbani, umefungwa kwa nguo; siku yake itakuja.