Je, Mbaazi Husingizia Jua?

Wazee wetu walisema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Methali hii twaitumia kila siku kumkemea mtu atafutaye visingizio. Lakini yafaa tuulize, je, mbaazi wenyewe husema uwongo?

Katika nchi yetu, tangu Mikindani hata mdomo wa Mto Ruvuma, na juu katika nyanda za Wamakonde, watu hupanda mbaazi pamoja na mahindi au muhogo mvua zinapoanza. Mahindi huinuka upesi, huzaa na kuvunwa. Mbaazi wa asili hukawia. Mvua zikaribiapo kukoma umekwisha kumpita mtu kwa kimo, wala hauna hata ua moja. Mgeni asiyeujua angeung'oa.

Walakini wenye elimu ya mimea wametambua ya kuwa mbaazi wa namna hii hungojea siku fupi. Huku kwetu mchana wa Desemba huzidi mchana wa Juni kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Mchana upunguapo, ndipo mmea utoapo maua yake ya manjano. Basi ukilitaja jua, wasema kweli.

Je, methali imekosea? La, maana mwenye shida ya kweli na mvivu hutamka neno lile lile. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India iliweka mpaka wa tani 200,000 kwa mbaazi ziingiazo kutoka nchi za nje, na bei ikaanguka huku kwetu. Mkulima aliyesema wakati ule kwamba ameshindwa kumnunulia mtoto sare kwa sababu ya bei ya mbaazi hakusingizia. Lakini jirani yake ambaye hakulima kabisa aliweza kusema vivyo hivyo.

Tutawatenganishaje? Si kwa maneno yao, bali kwa kuuliza: alifanya nini alipokuwa akingoja? Mbaazi haungoji bure. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Katika vifundo vya mizizi hiyo vijidudu hukamata naitrojeni ya hewani, na majani yaangukayo hurutubisha udongo utakaolisha mahindi ya mwaka ujao. Hata baada ya mavuno, ukikatwa vema huchipua tena.

Wenzangu walimu, nanyi wazazi, darasani mna watoto wa namna zote mbili. Kumwita mvivu mtoto ajitahidiye ambaye majira yake hayajafika ni dhuluma, na huenda tukamng'oa kabla ya kuchanua. Kumwacha mvivu ajifiche nyuma ya jua nako ni dhuluma, kwake na kwa wenzake. Basi kabla hatujamtupia mtu methali hii, na tuitazame kwanza kazi yake ya kila siku, hasa ile isiyoonekana upesi.