Nguo ya Kufunika: Picha za Maiti Vitani

Je, askari anapompiga picha adui aliyekufa, anatenda kosa? Adui hasikii tena wala haoni haya. Basi ameumizwa nani?

Swali hili si geni kwetu wa Chapwa. Vijana wa Songwe, kama wa mikoa mingine, huvaa sare za JWTZ, na jeshi letu limetumwa Kongo na Msumbiji. Januari 2023 ilisambaa video kutoka Cabo Delgado: watu wenye sare wakitupa maiti kwenye rundo linalowaka moto, na askari mmoja akiwa ameshika simu. SAMIM, kikosi cha SADC ambacho Tanzania ilikuwa mshiriki wake, kilitangaza uchunguzi.

Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kudhalilisha utu, na inataka waliokufa vitani walindwe, wazikwe kwa heshima. Lakini Maandiko yalitangulia. Katika Mwanzo 9, Hamu aliuona uchi wa baba yake, akatoka kwenda kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika bila kumtazama. Nuhu alikuwa amelala, hakujua lolote wakati ule. Hata hivyo alivunjiwa heshima. Heshima ya mtu, basi, haitegemei kama ana habari. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hubaki nayo hata akilala usingizi wa mwisho.

Wengine watasema: bila picha, uovu ungefichwa. Ni kweli. Picha walizopiga askari wa Marekani katika gereza la Abu Ghraib, Iraki, zilikuwa za kujifurahisha. Lakini mwenzao mmoja alizikabidhi kwa wachunguzi, na wahusika wakashtakiwa. Picha zilikuwa zilezile, ila mikono ilitofautiana. Mmoja alitaka kucheka, mwingine alitaka haki. Kwa hiyo tusiulize tu picha inaonyesha nini. Tuulize inapelekwa kwa nani, na kwa nini.

Hapo swali linatugeukia sisi. Januari 2016, baada ya askari wa Kenya kushambuliwa El Adde, Somalia, picha za waliouawa zilienea kwenye simu, na serikali ikawaonya wananchi wasizisambaze. Waliozipokea na kuzirusha hawakuwa vitani. Walikuwa watu kama sisi, na huenda mama wa marehemu aliiona picha kabla ya kuletewa habari. Nasi tunaokaa kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia tunajua ajali inapotokea ni wangapi hutangulia kutoa simu kabla ya kutafuta kitenge cha kumfunika aliyelala.

Hatuwezi kumhukumu askari wa mbali huku vidole vyetu vinafanya kazi ileile. Picha ya namna hiyo ikitufikia, kama ni ushahidi, tuipeleke kwa wenye mamlaka ya kuchunguza. Kama sivyo, iishie kwetu. Tumwombee marehemu apate wa kumzika, na jamaa zake wapate faraja.