"Malaika" ipi ni ya kweli?

Kwenye simu nina rekodi mbili za "Malaika", nilizowekewa Mbarara: ya Fadhili William, Mkenya, na ya Miriam Makeba. Hapa Nakivale wenzangu husema ya Fadhili ndiyo ya kweli, eti Makeba anatamka Kiswahili kigeni. Jamani! Hata Fadhili wapo wanaombishia utunzi, wakimtaja Adam Salim wa Tanzania. Na Makeba alifutiwa pasipoti na Afrika Kusini mwaka 1960.

Fadhili akiimba, mie nasikia mtu aliyekosa mahari. Makeba akiimba, nasikia aliyekosa kwao. Nani kadanganya hapo?

Sisi nasi tukisema "agandi" sokoni Mbarara, lafudhi inatufichua. Je, salamu yetu ni ya uongo? Lafudhi inaonyesha tulikotoka tu. Ukweli utafuteni kwenye nia.